Kilima Ndani ya Mlima

Mwishoni mwa miaka ya 1970, kampuni ya Atari ya Marekani ilikuwa haiandiki majina ya watu waliotengeneza gemu zake. Warren Robinett alikuwa mmoja wa watu hao. Alitengeneza gemu iitwayo Adventure, na ndani yake akaficha chumba. Kuingia humo ilibidi uokote nukta moja ndogo, yenye rangi ileile ya kilichoizunguka, uibebe mpaka kwenye ukuta fulani, kisha upenye. Ndani hapakuwa na dhahabu wala joka. Palikuwa na maandishi yanayosema kwamba mchezo ule umetengenezwa na Warren Robinett. Hakumwambia mtu. Alikwisha kuacha kazi pale kijana wa miaka 15 wa mji wa Salt Lake City alipokiona chumba hicho na kuiandikia kampuni barua. Mabosi wangeweza kukifuta. Badala yake wakaona kwamba siri inauza, na tangu hapo vitu vilivyofichwa ndani ya gemu vikapewa jina la mayai ya Pasaka.

Chumba cha Robinett kilikuwa cha kusoma tu, si cha kucheza. Lakini kama jina linaweza kufichwa ndani ya mchezo, basi hata mchezo unaweza. Mwaka 1988 Nintendo walipotoa Super Mario Bros. 3 huko Japani, wachezaji wawili waliweza kupambana katika kiwanja kidogo ambacho kimsingi kilikuwa Mario Bros. ya mwaka 1983. Mwaka 1993 LucasArts walitoa Day of the Tentacle. Katika chumba kimoja cha gemu hiyo kuna kompyuta, na ukiitumia unacheza Maniac Mansion ya mwaka 1987, nzima, mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1999 Sega walitoa Shenmue, ambamo kijana anayemsaka muuaji wa baba yake anaweza kuusahau msako kwa muda, akaingia kwenye ukumbi wa mashine za gemu, akacheza Hang-On na Space Harrier, gemu mbili za mwaka 1985. Aliyeziongoza zote tatu ni mtu mmoja, Yu Suzuki.

Nitaviita vigemu: michezo midogo inayochezeka, iliyopachikwa ndani ya mchezo mkubwa, mingine waziwazi, mingine mafichoni. Wanaoandika historia ya gemu, ambao wengi wako Marekani, Japani na Ulaya, huvieleza vigemu kama nyongeza. Mtu amenunua gemu, amekwenda nayo nyumbani, ana usiku mzima mbele yake, na mtengenezaji amemtupia kitu juu, kama mama wa gengeni anavyotupia nyanya moja juu ya fungu. Maelezo hayo ni sahihi kwa mtu anayemiliki mashine. Mimi nimekulia Arusha, ambako wengi wetu tulicheza kwa kununua dakika. Ukinunua dakika, hesabu ya kipi ni mchezo mkubwa na kipi ni kidogo inabadilika kabisa, na ningependa historia hiyo nayo iandikwe.

*

Kibanda cha gemu cha mtaani kwetu, Ngarenaro, kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya kawaida. Kulikuwa na pazia mlangoni, TV tatu za chogo, PlayStation 2 tatu zilizowekwa juu ya matofali ili zipate hewa, na mabenchi mawili. Pedi zilikuwa zimefungwa kwa gundi ya karatasi mahali waya unapoingilia, kwa sababu hapo ndipo zilipokufa. Mwenye kibanda tulimwita Kaka, na sidhani kama nusu yetu tulilijua jina lake.

"Kaka, naomba ya mia mbili."

"Kaa hapo, dogo. Ya mpira au ya CJ?"

Swali hilo lilikuwa la bei. Mpira ulilipiwa kwa mechi. Gemu nyingine zote zililipiwa kwa muda, na sarafu ya mia mbili ilikuwa dakika kumi. CJ ni Carl Johnson, mhusika mkuu wa Grand Theft Auto: San Andreas, gemu iliyotoka Oktoba 2004. PlayStation 2 yenyewe ilitoka mwaka 2000, ikauzwa zaidi ya mashine milioni 155 duniani, na Sony wakaacha kuitengeneza mwanzoni mwa mwaka 2013. Kwetu hakuna aliyeiambia kwamba imestaafu. Iliendelea kufanya kazi, ikibadilishwa lenzi kila iliposhindwa kusoma siidii, hadi tulipomaliza kidato cha nne.

San Andreas ni gemu ya masaa mengi mno. Ina miji mitatu, jangwa, na hadithi ya familia inayokwenda polepole. Inadhani una kochi na wikiendi. Inadhani pia una memori kadi, kile kipande cha plastiki chenye nafasi ya megabaiti 8 kinachohifadhi ulipofikia. Mtoto asiye na kadi alianza mwanzo kila siku. Kila siku CJ anarudi Los Santos kwenye msiba wa mama yake. Kila siku polisi wanamkamata, wanamchukulia hela, wanamtupa kwenye mtaa wa maadui. Kila siku anaokota baiskeli. Dakika kumi zinaisha akiwa ndiyo kwanza amefika makaburini.

Kulikuwa na suluhisho moja. Kaka alikuwa na kadi ya kibanda, ambamo amehifadhi gemu iliyofika mbali, miji yote ikiwa wazi. Uliruhusiwa kuilodi, ila kuseva juu yake ilikuwa marufuku, na aliyejaribu alipokonywa pedi. Kwa hiyo ulikuwa na dunia nzima lakini huwezi kuipeleka mbele hata hatua moja. Kwa mtu wa namna hiyo misheni haina maana. Kinachobaki ni vigemu.

Na San Andreas imejaa vigemu. CJ anaweza kutupia mpira wa kikapu, kucheza pool, kudansi kwa kufuata mdundo, kurusharusha gari kwa springi kwenye mashindano. Katika baadhi ya maduka na baa kuna mashine za gemu unazoweza kuzisogelea ukacheza, zenye majina kama Duality na Go Go Space Monkey, zilizochorwa kwa mtindo wa miaka ya 1980. Mwenzetu mmoja alikuwa akifika na mia mbili yake, analodi kadi ya kibanda, anakwenda moja kwa moja kwenye baa ya Ten Green Bottles mtaani kwa CJ, anacheza pool mpaka muda unaisha. Hakuwahi kuiba gari. Watu walimcheka, lakini ukiangalia kiuchumi, ndiye aliyekuwa na akili kuliko sisi. Fremu moja ya pool ina mwanzo na mwisho, na inaenea ndani ya sarafu.

Kuna jambo la kuchekesha kuhusu zile mashine za ndani ya baa. Waliotengeneza San Andreas waliziweka kama kumbukumbu: zamani watoto wa Marekani walikwenda mahali penye giza, wakatumbukiza sarafu, wakacheza mpaka sarafu ikaisha. Kwao huo ulikuwa utoto uliopita. Sisi tulikuwa tukiitazama kumbukumbu hiyo tukiwa tumekaa mahali penye giza, tumetoa sarafu, tukisubiri iishe.

*

Kipande cha muda kilichogombaniwa kuliko vyote pale kibandani ni kile ambacho hakuna aliyekuwa anacheza. "Kaka, inalodi, usihesabu!" Sentensi hiyo niliisikia mara nyingi kuliko salamu. Siidii ilipokuwa inasomwa, skrini ikiwa imeganda kwenye picha, saa ya ukutani ilikuwa inatembea. Kaka alikuwa na msimamo wake: umeme unatumika, saa inatembea. Sisi tulikuwa na wetu: hatujacheza. Kesi hiyo haikuwahi kuamuliwa.

Ilinichukua miaka kujua kwamba kesi hiyohiyo iliwahi kufikishwa kwenye ofisi ya hataza ya Marekani, na ikaamuliwa kwa namna iliyotuhusu. Desemba 1994 kampuni ya Namco ya Japani ilitoa Ridge Racer kwa ajili ya PlayStation ya kwanza. Gemu ilipokuwa ikilodi, mchezaji alipewa Galaxian, gemu ya Namco ya mwaka 1979, kipande kidogo cha kupiga wavamizi wa angani. Ukiwamaliza wote kabla ya mbio kuanza, unazawadiwa magari ya ziada. Ni jibu zuri sana kwa swali la nani anamiliki muda wa kusubiri: wewe, na hautapotea bure.

Kisha Namco wakalizungushia wazo hilo uzio. Waliomba hataza mwaka 1995, Marekani ikaitoa mwaka 1998, na ikadumu hadi Novemba 2015. Kwa kifupi ilisema kwamba kulodi kwanza mchezo mdogo, ili mtu aucheze huku mkubwa ukiendelea kulodi, ni ubunifu wao. Wapo waliolalamika kwamba wazo lenyewe halikuwa jipya. Katika miaka ya 1980, wenye kompyuta za Commodore 64 huko Ulaya walikwisha kucheza vigemu wakati kaseti zikisomwa. Lakini hataza ilikuwa hataza, na kampuni nyingi ziliona heri kukaa mbali nayo. Wengine walizunguka. Baadhi ya matoleo ya FIFA yalikuacha upige mashuti na golikipa mmoja ukisubiri mechi, yaani si mchezo mwingine bali kipande cha mchezo uleule.

Weka tarehe hizo pamoja. PlayStation 2 ilizaliwa mwaka 2000 na kuachwa kutengenezwa mwaka 2013. Maisha yake yote kiwandani yalipita ndani ya uzio wa Namco. Sidai kwamba bila hataza ile kila gemu ingekuwa na kigemu cha kusubiria, kwa sababu kukitengeneza nako kunahitaji pesa na nafasi. Lakini wakati wanasheria wa nchi tajiri wakiuchukulia muda wa kulodi kama mali ya kampuni, kwa mtoto wa Ngarenaro muda huo ulikuwa mali kwa maana ya moja kwa moja kabisa. Alikuwa ameutolea sarafu.

*

Wazo la mchezo mdogo ndani ya mkubwa halikutufikia kwa meli kutoka Japani. Bao la Kiswahili linalo. Bao kamili lina mashimo 32 na kete 64, na mchezo huanza kwa kunamua: kila mchezaji anashika kete 22 mkononi, anaziingiza moja moja, huku ana nyumba ya kulinda. Zikiisha mkononi ndipo mtaji unaanza, na kete zinatembea zenyewe ubaoni. Sehemu ya kwanza ni ngumu kiasi kwamba mgeni anaweza kukaa jioni nzima asielewe nani anashinda. Kwa hiyo wanaoanza hupewa bao la kujifunza: kete mbili mbili katika kila shimo, hakuna kitu mkononi, twende. Kwa maneno mengine, wanapewa nusu ya pili ya mchezo, na wakiizoea wanarudishwa mwanzo.

Hii ni falsafa tofauti na ile ya mayai ya Pasaka. Katika bao mchezo mdogo si siri wala zawadi. Ni ngazi. Anayeucheza hadharauliwi, kwa sababu kila fundi aliyekaa pale barazani alipitia. Nadhani hata kibandani tuliviona vigemu kwa jicho hilo. Aliyetaka kuifahamu pedi alianzia kwenye mpira wa kikapu, kitufe kimoja cha kuruka na kurusha, kabla hajakabidhiwa helikopta.

*

Lakini kuna vigemu ambavyo si ngazi ya kitu chochote chema, na historia hii isingekuwa ya kweli kama ningeviruka.

Juni 2005, Mholanzi mmoja aliyekuwa akichokonoa mafaili ya San Andreas kwenye kompyuta alifungua kitu kilichokuwa kimezimwa: kigemu cha ngono, ambacho watengenezaji walikianza, wakakiacha, wakakifungia badala ya kukiondoa. Kikajulikana kama Hot Coffee. Ikathibitika kwamba hata siidii za PlayStation 2 zilikuwa nacho. Hillary Clinton, wakati huo seneta, akataka uchunguzi, na mwezi Julai bodi ya Marekani inayopanga madaraja ya umri ikaipandisha San Andreas hadi daraja la watu wazima pekee. Maduka makubwa yakaiondoa rafuni mpaka lilipotoka toleo jipya lisilo na kigemu hicho.

Arusha hapakuwa na rafu ya kuiondoa. Siidii zetu zilikuwa nakala za nakala, zimeandikwa kwa kalamu ya maka, na hakuna daraja la umri lililosalimika katika kunakiliwa huko. Kilichotufikia ni fununu: kwamba ndani ya CJ kuna kitu, na kwamba fulani wa shule nyingine anaijua kodi yake. Kodi, si zile za TRA, ndiyo tuliyoita mifuatano ya vitufe inayofungua mambo. Kila kibanda kilikuwa na daftari la kodi, kurasa za hesabu zilizojaa R1, R2, L1 na mishale. Hakuna ukurasa uliofungua Hot Coffee, maana kwenye pedi haikuwa na mlango. Lakini fununu ilitosha kumfanya mzazi aliyeisikia aje na fimbo mpaka kwenye pazia. Wazazi walikuwa sahihi kuhoji. Tatizo ni kwamba waliambiwa waogope kitu kilichofungwa, wakati kilicho wazi kilikuwa kinachezwa mbele yao.

Kilicho wazi kilikuwa kamari. CJ anaweza kuingia kwenye duka la kubeti na kuchagua farasi, kisha akasimama kutazama mbio kwenye skrini. Katika mji wa Las Venturas kuna makasino yenye mashine za kubahatisha, karata na gurudumu. Na hapa daftari lilifanya kazi yake mbaya kuliko zote. Kodi moja iliyojulikana na kila mtoto iliongeza afya, kinga na dola 250,000 kwa mpigo. Ukiishiwa, unaibonyeza tena. Tulijifunza kubeti mahali ambapo hasara haipo. Sijui somo baya kuliko hilo kuhusu kamari, maana hata kasino lenyewe huwa halithubutu kukudanganya kiasi hicho.

Sisi hatukuwa peke yetu. Pokémon ya kwanza, ya mwaka 1996, ilikuwa na ukumbi wa mashine za kubahatisha ambao watoto wa dunia nzima walipita. Toleo la Platinum lilipofika Ulaya mwaka 2009 mashine hizo zilikuwa hazichezeki tena, na matoleo yaliyofuata yaliziacha. Lakini bahati nasibu haikuondoka kwenye gemu. Ilihama kutoka pembeni kwenda katikati, na safari hii ikadai pesa halisi. Pakiti za wachezaji kwenye FIFA, unazozinunua bila kujua kilichomo, ni mfano unaojulikana. Mwaka 2018 Ubelgiji ilitamka kwamba masanduku ya bahati ya namna hiyo ni kamari kwa mujibu wa sheria zake, na Januari 2019 EA wakaacha kuuza sarafu za FIFA nchini humo.

Tanzania ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na bodi ya kuisimamia, na mtu wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kubeti. Sheria hiyo inahusu pesa halisi. Farasi wa CJ hawagusi. Hata kanuni yetu ya kibandani, kwamba katika mpira aliyefungwa ndiye anayelipia mechi zote mbili, isingemshtua mkaguzi. Kwa macho ya mtu mzima ilikuwa utani wa watoto. Kwa macho ya mtoto mwenye mia mbili moja tu mfukoni, kila dakika ya 89 ilikuwa dau.

Mmoja wa wenzetu wa benchi lile leo anaendesha bodaboda upande wa Sakina. Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza, ana mkeka wa mechi kumi na mbili. Nilimuuliza kama anawakumbuka farasi wa CJ. Akacheka, akasema wale walikuwa wanatoa hela. Sidai kwamba wale farasi ndio waliomfikisha hapo. Zipo sababu kubwa zaidi, na ajira ndiyo ya kwanza. Ninachosema ni kwamba alipokutana na mkeka wa kweli akiwa mtu mzima, kitu chenyewe hakikuwa kigeni kwake. Mikono yake ilikuwa inaujua mchezo, isipokuwa ile kodi ya kurudisha hela haikuwepo.

*

Ukiwa mjini Arusha, ukiutazama Mlima Meru kutoka upande wa Mnara wa Saa, unaona mlima mzima. Mistari miwili inapanda, inakutana kileleni, basi. Inabidi uzunguke mpaka upande wa mashariki, kule Momella ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ndipo uone kwamba mlima umebomoka ubavu mmoja, uko wazi kama kikombe kilichovunjika, na ndani ya kikombe umesimama mlima mwingine mdogo wa majivu, wenye kilele chake na shimo lake. Nilipelekwa kule na shule, na nilichokifikiria papo hapo ni ile baa ya Ten Green Bottles.

Tofauti iko kwenye umri. Kilima cha Meru ni kichanga kuliko mlima uliokibeba. Kiliota baada ya ule mkubwa kubomoka. Katika gemu mara nyingi ni kinyume: kilicho ndani ndicho kikongwe. Galaxian ni mzee kuliko Ridge Racer, Hang-On ni mzee kuliko Shenmue, na Doom Eternal ya mwaka 2020 imebeba Doom ya mwaka 1993 na Doom II ya mwaka 1994 ndani ya kompyuta iliyo chumbani kwa mhusika wake. Mchezo mkubwa unakuwa makumbusho ya mdogo. Na makumbusho yanahitajika. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani iitwayo Video Game History Foundation ilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotolewa nchini humo kabla ya mwaka 2010 hazipatikani tena sokoni kwa njia halali. Kwa gemu nyingi za zamani, kupachikwa ndani ya gemu nyingine ni moja ya njia chache zilizobaki za kuendelea kuchezwa.

Hizo ni gemu zilizo na kampuni, wanasheria na taasisi ya kuzihesabu. Kibanda hakina hata kimoja. Sheria zetu za benchi, bei zetu, daftari letu la kodi, ubishi wetu kuhusu kulodi, vyote vilikuwa sehemu ya namna gemu hizo zilivyochezwa katika sayari hii, na hakuna gemu kubwa iliyovibeba.

Nilimtafuta Kaka mwaka jana. Siku hizi ana duka la vipuri vya simu, na chumba kile cha mbele ni saluni. Nilimwamkia, akaniambia nimenenepa, kisha akatoa kopo la maziwa ya unga lililokuwa chini ya kaunta. Ndani kulikuwa na memori kadi nne. Daftari lilikwisha kuchanwa kuwashia jiko. Aliniazima kadi zote bila masharti, ila la kutoseva juu ya kitu. Kupata PlayStation 2 inayosoma kadi kulinichukua wiki mbili na fundi mmoja wa Kaloleni.

Kadi tatu zilikuwa zimekufa. Ya nne ilikuwa na San Andreas iliyoseviwa, na faili la Pro Evolution Soccer, yaani mpira wetu. Wajapani wa Konami waliotengeneza gemu hiyo waliweka sehemu ya kubadilisha majina ya timu na wachezaji, nadhani kwa ajili ya watu wenye subira ya kurekebisha klabu zisizo na leseni. Sisi tuliitumia kwa jambo jingine. Nilipoifungua nilikuta timu iitwayo NGARENARO, jezi ya njano, na wachezaji wenye majina ya utani ya benchi zima. Yule wa bodaboda alikuwa winga wa kulia mwenye kasi 99. Yule wa pool alikuwa golikipa. Kaka alijiweka kocha kwa kumfanya beki wa kati mwenye umri wa miaka 41. Mimi nilikuwa wa akiba.

Nilitaka kujua ni lini tulifanya hivyo, kwa hiyo nikaangalia tarehe ya faili. Ilisema mwaka 2000, mwezi wa kwanza. Haiwezekani, gemu yenyewe ilikuwa haijatoka, na sisi tulikuwa hatujaanza hata chekechea. Fundi akanieleza kwamba betri ndogo ya saa ndani ya PlayStation 2 ikifa, mashine ikizimwa na kuchomolewa inarudi mwaka 2000 na kuanza kuhesabu upya. Pale kibandani umeme ulikatika karibu kila siku. Kwa hiyo kwa mujibu wa kumbukumbu pekee iliyobaki, yote tuliyocheza yalitokea Januari 2000. Nimeandika pembeni ya nakala yangu tarehe ninayokisia, kwa penseli, na kadi nimeirudisha kwenye kopo.